Kumtafuta basi wa Naivasha: mwongozo kamili kwa mvuvi wa wikendi anayetoka Nairobi

Jirani yangu hapa Umoja hajanielewa mpaka leo. Nikimwambia Jumamosi naenda Naivasha kutafuta basi, hunijibu kwamba magari ya Naivasha yako Nyamakima, tena ni matatu. Kinachotutenganisha ni ngeli tu. Yeye ana lile basi, mimi nina yule basi: samaki wa kijani, mdomo mpana, mstari mweusi ubavuni, anayekuamsha saa tisa usiku, akakurudisha mikono mitupu, na wiki inayofuata ukaamka tena.

Mikono mitupu nimeitaja mapema kwa makusudi. Nina daftari la safari zangu, na zaidi ya nusu ya kurasa zake zimeandikwa neno moja: sifuri. Siku moja nilizisoma zote kwa mpigo, nikaona kwamba sifuri chache sana zilitokana na samaki. Zilizobaki zilikuwa fundo baya, saa mbaya, mashua iliyokaa pabaya, au mimi kuangusha kopo la chai ndani ya mashua. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata safari tangu nyumbani mpaka kurudi, na nitakaa zaidi pale nilipoumia zaidi.

Mjue unayemfuata

Basi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa mwaka 1929 kutoka Marekani ili watu wapate samaki wa kuvua kwa burudani. Ziwa lenyewe lilikuwa na kisamaki kimoja tu cha asili, kidogo kama kidole, ambacho kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Basi analaumiwa kwa kummaliza, na ukishaona mdomo wake hutashangaa. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, na basi akapata chakula cha kudumu. Pasua tumbo la basi wa Naivasha uone: mara nyingi utakuta magamba mekundu ya kamba. Kumbuka rangi hiyo tutakapofika kwenye chambo.

Huyu ni mwindaji wa kuvizia. Hakimbizi mawindo mbali. Hukaa kwenye kivuli, karibu na kisiki, ukingo wa mafunjo au magugu yanayoelea, akasubiri. Kitu kikipita karibu hufungua mdomo ghafla, maji yanaingia kwa kasi na kitu kile kinaingia nayo. Akigundua si chakula hukitema, na yote hayo humalizika kabla hujasema "ah!" Anasikia pia mtikisiko wa maji kupitia mstari wa hisia ulio ubavuni, ndiyo maana teke lako kwenye ubao wa mashua linamfikia hata kama hakuoni.

Kwa wanaopenda kulinganisha, basi mkubwa kupita wote waliowahi kuthibitishwa alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932 na George Perry: ratili 22 na wakia 4, yaani kama kilo 10. Mwaka 2009 Manabu Kurita akavua wa uzito huohuo hivi katika Ziwa Biwa, Japani, na wawili hao wanashikilia rekodi pamoja. Wa kwangu mkubwa hajafika hata robo ya hapo, na nilimpiga picha kutoka pembe kumi na mbili.

Vifaa, bila kufilisika

Usinunue vingi. Fimbo ya futi sita na nusu au saba, ya nguvu ya kati, inayotenganishwa vipande viwili. Rili ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Ile rili ya kukaa juu ya fimbo iache kwanza. Mshipi wake ukichachamaa unaweza kumaliza asubuhi nzima ukifumua kiota cha ndege. Mshipi wa nailoni wa ratili 12 unatosha, yaani unaostahimili kama kilo tano na nusu.

Rili yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba. Ilizunguka vizuri mkononi mwa muuzaji, na vizuri nyumbani, ikakwama samaki wa kwanza alipovuta. Ukinunua mtumba, usiizungushe tu. Funga mshipi, mpe mwenzako avute kwa nguvu, sikiliza breki. Ikitoka kwa mikwaruzo na kusitasita, irudishe mezani.

Breki ndiyo sehemu ambayo wengi hatuigusi mpaka tujute. Inatakiwa iachie mshipi kabla haujafikia uwezo wake wa mwisho, kwenye robo hadi theluthi ya nguvu yake. Huhitaji mizani. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijaze. Hiyo ni kilo moja na nusu. Ifunge kwenye mshipi unaotoka moja kwa moja kwenye rili, inyanyue. Breki ikianza kuteleza polepole chupa inapoachana na sakafu, umefika. Ikining'inia kimya kama taa, legeza.

Kuhusu chambo, anza na aina nne tu. Minyoo ya mpira, mmoja mweusi na mmoja mwekundu wa kahawia kama kamba. Kisamaki cha plastiki chenye ulimi wa kukizamisha. Chambo chenye bati la kuzunguka, kwa maji machafu. Na kimoja cha kuelea, kinachopiga "pop" juu ya maji ukikivuta. Hicho hukitumia mara chache lakini ndicho utakachokiota usiku. Ongeza machubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, yenye umbo la risasi, ndoana zilizopinda shingo, koleo ndefu na mkasi.

Ukipanda matatu na fimbo, ipakie ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji, ukalizibe ncha zote mbili. Fimbo yangu ya kwanza ilivunjwa ncha na gunia la viazi. Utani wa makanga utauvumilia. Mimi nimeulizwa, "Mzee, hiyo ni bazuka?" mara tatu.

Jizoeze mtaani kabla ya kulipia mashua

Saa za mashua zinalipiwa. Saa za uwanja wa mtaa ni bure. Funga chubwi peke yake bila ndoana, weka sufuria kuukuu umbali wa hatua kumi na tano, rusha mpaka chubwi liguse sufuria mara tano kati ya kumi. Kisha jifunze kurusha kwa chini, fimbo ikipita karibu na goti, maana chini ya miti iliyoinama huna nafasi ya kuinua mkono.

Watoto watakusanyika. Mmoja aliniuliza, "Anko, unavua nyasi?" Mwingine akamjibu kwa niaba yangu kwamba nyasi hizo hazishiki leo. Baada ya wiki mbili ndio waliokuwa wananirudishia chubwi na kuhesabu alama, na mmoja wao anarusha kunishinda.

Fundo

Hapa ndipo pananiuma. Basi mkubwa kuliko wote walionasa kwenye ndoana yangu alikaa hapo kama sekunde nane tu. Alitoka majini mzima, akatikisa kichwa, na mshipi ukarudi kwangu mwepesi. Niliutazama mwisho wake: ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe. Alama hiyo ina maana moja, kwamba fundo liliteleza likafunguka. Mshipi ukikatwa na mti au jiwe, mwisho wake huwa umekwaruzika. Mkia wa nguruwe ni hati ya hukumu ya aliyefunga. Nilikuwa nimefunga asubuhi na baridi, vidole vikitetemeka, na sikulowesha.

Fundo linaloaminika kwa kazi hii huitwa Palomar, nalo hufungwa hivi. Kunja mshipi upate kitanzi kirefu kama kiganja. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana. Piga fundo la kawaida, la kamba ya kiatu hatua ya kwanza, kwa mshipi huo uliokunjwa mara mbili, bila kukaza. Sasa chukua ndoana, ipitishe yote ndani ya kitanzi kilichobaki. Tia mate. Vuta ncha zote mbili polepole mpaka fundo likae sawa juu ya tundu. Mate si ushirikina: nailoni ikikazwa kavu hujisugua, hupata joto na kudhoofika. Ukimaliza, shika ndoana kwa koleo, vuta kwa nguvu. Likifunguka mkononi, shukuru.

Kila baada ya samaki wawili watatu, au ukikwama kwenye miti, pitisha kucha kwenye kipande cha mwisho cha mshipi. Ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya. Inachukua dakika moja, na uvivu wa dakika hiyo umeninyima samaki zaidi ya upepo.

Kufika na kupata mashua

Naivasha ni kama kilomita 90 kutoka katikati ya jiji. Wa matatu atapanda Nyamakima. Mwenye gari atachagua njia ya juu kupitia Kimende na Kinungi, au ya chini kupitia Mai Mahiu, ambayo ina malori mengi na ukungu wa alfajiri usiotabirika. Ziwa liko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi yake ina meno. Beba koti hata kama Nairobi umeiacha na joto. Mimi siku hizi hulala Naivasha Ijumaa, maana kuendesha gari gizani kwenye mteremko ule kwa ajili ya samaki ambaye pengine hayupo nimeona si hesabu nzuri.

Uvuvi wa burudani nao unahitaji leseni. Pitia ofisi ya uvuvi mapema, kabla ya wikendi, uulize pia kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi au eneo lisiloruhusiwa, kwa sababu mambo hayo hubadilika. Weka leseni kwenye mfuko wa nailoni shingoni.

Sehemu kubwa ya ufuo imezungushiwa ua na mashamba na hoteli, hivyo mlango wa mwananchi ni fuo za umma kama Kamere, kwenye barabara ya kusini ya ziwa. Elewaneni na mwenye mashua kabla mguu haujaingia majini: bei ni ya mashua au ya kichwa, ni saa ngapi, petroli iko ndani au nje, na mkikuta samaki mahali, mtakaa au mtaendelea kuzunguka. La mwisho ni muhimu. Waendesha mashua wengi wamezoea watalii wa kutazama viboko, ukinyamaza utaonyeshwa viboko asubuhi nzima. Omba jaketi la kuelea, livae, lifunge. Lisipokuwepo, tafuta mashua nyingine.

Mzee ninayetoka naye ameishi ziwani miaka mingi. Mara ya kwanza nilimsalimu na kumwuliza kama mjinga wa mjini, "Mzee, leo kuna kitu?" Akaitazama bazuka yangu. "Kitu kiko. Ni wewe kujua kimelala wapi." Tangu siku hiyo sirushi mshipi kabla hajasema neno.

Saa, upepo na viboko

Ratiba ya Naivasha haipangwi na wewe. Basi huwinda vizuri mwanga ukiwa hafifu, alfajiri na jioni. Kwa bahati mbaya hizo ndizo saa za kiboko, anayerudi majini kutoka malishoni au anayetoka kwenda. Kisha mchana, mara nyingi kuanzia saa saba au saa nane, upepo hushuka ziwani na mawimbi huwa makubwa kuliko yanavyoonekana ukiwa ufuoni. Kilichobaki kwa mtu mwenye akili ni kati ya saa kumi na mbili na nusu, jua likishachomoza na unaona vizuri, na saa sita. Panga kila kitu kiingie humo.

Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Mashua isipite juu ya mapovu wala karibu na kona ya mafunjo ambayo haionekani upande wa pili. Mzee akisema tuondoke, unaondoka hata kama samaki yuko kwenye mshipi, kata. Nimewahi kukata. Sikufurahi, lakini niko hapa naandika.

Kusoma maji

Ziwa limepanda sana, hasa kufikia mwaka 2020, likameza mashamba, nyumba na misitu ya migunga. Kwa waliohamishwa ilikuwa msiba. Kwa basi ilikuwa ujenzi wa nyumba mpya: migunga iliyokufa imesimama majini, na kila shina lina kivuli chake. Hapo ndipo pa kuanzia.

Simamisha mashua mbali, umbali wa mrusho mzuri, injini imezimwa, jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisitangulie. Rusha kupita shina, si kwenye shina, kisha vuta chambo kipite karibu nalo. Anza na upande wenye kivuli. Rusha mara tano au sita kwa pembe tofauti. Kimya kikiendelea, hamia shina lingine. Kosa langu la miaka miwili lilikuwa kukaa mahali pamoja kwa saa mbili kwa sababu "panapendeza". Samaki wa kuvizia ama yupo ama hayupo.

Baada ya miti nenda ukingo wa mafunjo, hasa pale panapofanya kona au penye mwanya. Visiwa vya magugu vinavyoelea ni vizuri pia, ila vinahama na upepo, kwa hiyo pale ulipomkuta jana leo ni maji matupu. Mvua za masika zikiwa zimechafua maji upande wa mito, hasa mdomo wa Malewa, ama hamia maji safi zaidi, ama tumia chambo chenye bati au mnyoo mweusi, ambaye umbo lake huonekana hata kwenye tope.

Kufunga mnyoo, kurusha, kushtua

Kwenye miti mingi, ndoana iliyo wazi itakamata miti tu. Ndiyo maana tunaficha ncha. Vika mshipi chubwi la risasi, ncha nyembamba ikitangulia, kisha funga ndoana. Ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo kama nusu sentimita, itoe pembeni, sukuma mnyoo mpaka kichwa kikae kwenye shingo iliyopinda, geuza ndoana, halafu zamisha ncha tena ndani ya mwili ili isijitokeze. Mnyoo ukae umenyooka. Ukikunjamana utazunguka majini kama feni na kusokota mshipi wote.

Rusha, acha uzame mpaka mshipi ulegee. Hapo umefika chini. Inua fimbo taratibu kama mshale wa saa unaotoka kwenye namba 9 hadi namba 11, shusha, kunja mshipi uliolegea, tulia. Basi wengi huchukua mnyoo ukiwa unashuka, wakati ambao hufanyi lolote. Utakachohisi hakifanani na mvuto. Ni "tik", kama mtu anayegonga dirisha kwa kucha moja. Wakati mwingine hata hiyo hakuna. Utaona tu mshipi unatembea pembeni wenyewe.

Usishtue palepale. Shusha ncha ya fimbo kuelekea maji, kunja mshipi mpaka ukaze, kisha vuta kwa nguvu na kwa mkupuo mmoja, maana ndoana inabidi itoboe mpira kabla ya kufika mdomoni. Kwa kisamaki cha plastiki chenye ndoana za ncha tatu, mambo ni kinyume: endelea kukunja tu, ukaze. Ukikitingisha kwa nguvu utakinyofoa mdomoni. Na kwa kile cha kuelea, maji yakilipuka, hesabu moja kimoyomoyo kabla ya kuvuta. Nimejifundisha hilo kwa miaka minne na bado nusu ya wakati mkono hunitangulia.

Akishika, shusha fimbo upande, iwe karibu na maji, na usiache mshipi ulegee hata kidogo. Ataruka ili atikise kichwa. Fimbo ikiwa chini, hupunguza kuruka. Akikimbilia miti, mgeuze kwa pembe, usishindane naye kwa kumvuta moja kwa moja. Breki italia. Iache ilie.

Samaki mkononi

Lowesha mikono kwanza. Mdomo wa basi una vijimeno kama msasa, haukati, kwa hiyo ingiza kidole gumba na ushike taya la chini. Mdogo unaweza kumning'iniza wima. Mkubwa mshike na tumbo kwa mkono wa pili, usimlaze hewani kwa taya tu, utamvunja. Toa ndoana kwa koleo. Ikiwa imezama kooni na unataka kumwachia, kata mshipi karibu na ndoana kuliko kuchimbua.

Kumla si dhambi. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na ukimkaanga mkavu kisha ukampitisha kwenye nyanya na dania, ugali hautoshi. Mimi hubeba wawili wa kati na kuwaachia wakubwa, kwa kuwa jike ndiye anayekuwa mkubwa na ndiye mwenye mayai. Kinachokatazwa kabisa ni kumbeba akiwa hai kwenye ndoo umpeleke kwenye bwawa la shamba lako au mto wa kwenu. Kumhamisha samaki hai kunahitaji kibali, na yaliyompata yule kisamaki wa Naivasha yanatosha.

Ukirudi

Siku ya sifuri, usipite fuoni ukanunua perege na kusema umewavua. Mke wangu alinikamata kwa sababu walikuwa wameshapaliwa magamba. Andika daftari jioni hiyohiyo: saa, maji, upepo, ulisimama wapi, ulitumia nini, uligongwa mara ngapi. Kugongwa mara moja bila kupata samaki ni habari kubwa kuliko unavyodhani. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mgunga uleule nikamtoa.

Futa rili kwa kitambaa chenye unyevu, legeza breki ili sahani zake zisibanane wiki nzima, anika chambo kabla ya kufunga kisanduku. Minyoo ya mpira irudishe kwenye mfuko wake wa awali, usiichanganye na vyambo vya plastiki ngumu. Wangu mwekundu niliuacha mwezi mmoja juu ya kisamaki cha plastiki. Ulikuwa umeyeyuka na kukigandia, na rangi imeingia mpaka kwenye macho.